Mama Watatu na Maji ya Adams Arcade

Sogeeni karibu. Anayejikuna aendelee kujikuna, maana kisa hiki kinamhusu yule aliyemuuma.

Usiku mmoja mvua ya Aprili iliinyeshea Nairobi bila huruma. Stima zikapotea Woodley. Barabara ya Ngong ikajaa maji hadi matatu za alfajiri zikawa zinapita polepole, makanga akining'inia mlangoni akiangalia mashimo. Sokoni Toi, wauza mitumba walikuwa wamefunika marobota yao kwa turubai, na maji yakajikusanya juu yake, yakaivuta chini. Nani angetoka kuyamwaga saa nane usiku? Kulipopambazuka mvua ilikuwa imekoma, lakini maji hayakwenda popote. Yalikuwa kwenye turubai, kwenye mitaro iliyozibwa na chupa za plastiki, kwenye tairi kuukuu nje ya kibanda cha fundi wa pancha, kwenye shimo la msingi wa ghorofa linalojengwa, na kwenye visahani vya vyungu vya maua.

Hapo Adams Arcade, kwenye maduka ambayo mfanyabiashara Abdul Habib Adam aliyajenga mwishoni mwa miaka ya 1950, mbu watatu walikuwa wamejibanza gizani. Mmoja nyuma ya pazia la stoo, mmoja chini ya meza ya fundi cherehani, mmoja kwenye kona chini ya ngazi. Wote wa kike, wote wamejaa damu matumboni. Hao watatu nimewabuni mimi. Aina zao sikuzibuni, na tabia zao sijazitia chumvi.

Kwanza tuwatoe lawamani akina baba. Mbu dume hamuumi mtu. Anakunywa maji matamu ya maua na utomvu wa mimea mpaka anapokufa. Jike naye hula hayo hayo kwa njaa yake. Damu anaitafuta kwa ajili ya mayai, kwa kuwa ndani yake mna protini za kuyajengea. Akishashiba hutulia siku mbili tatu mahali penye kivuli, mayai yakomae. Ndipo huamka akiwa na shida moja tu: maji.

Na hapa ndipo hata watu wazima hukosea. Wao husema "mbu huzaliwa kwenye maji yaliyotuama", basi, wamemaliza. Duniani kuna zaidi ya aina 3,500 za mbu, na maji yaliyotuama hayafanani. Kuna machafu na masafi, ya juani na ya kivulini, yatakayokauka kesho na yatakayokaa mwaka mzima. Mama akikosea kuchagua, watoto wote wamekwisha. Kwa hiyo kila aina ina maji yake, na inayachagua kwa makini kuliko mnavyodhani.

Mama wa kwanza, yule wa nyuma ya pazia, anaitwa Kuleksi. Ana rangi ya kahawia, hana urembo wowote. Mnamfahamu. Ndiye yule anayepiga "ngiii" sikioni usiku wa manane, ukiwasha taa haonekani, ukizima anarudi. Mayai yalipokomaa, jioni ilipoingia alitoka dirishani akafuata harufu. Alipita maua bila kuyatazama. Akapita ndoo ya maji safi ya kunywa. Akafika kwenye mtaro ulioziba ukingoni mwa soko, pale bomba la majitaka lilipopasuka, akasema moyoni: hapa ndipo.

Msikunje nyuso. Mama huyu ana akili. Maji machafu yamejaa bakteria na vipande vya uozo, na hicho ndicho chakula cha watoto wake. Maji hayo pia hayana hewa ya kutosha, kwa hiyo samaki na wadudu wengi wanaokula viluwiluwi hawawezi kuishi humo. Watoto wake watapumuaje basi? Kila kiluwiluwi wa Kuleksi ana mrija mwembamba karibu na mkia. Anauchomoza juu ya maji, anavuta hewa ya hapa juu tunayovuta sisi, na kichwa kinaning'inia chini kikila. Uchafu anaula bila kuuvuta.

Mama alitua juu ya maji yenyewe akataga mayai zaidi ya mia moja, moja baada ya jingine, yakiwa yamesimama wima na kushikana, mpaka yakawa mtumbwi mdogo mweusi unaoelea, usiozidi punje ya mchele. Kwenye ncha ya kila yai kuna tone la mafuta lenye harufu, na harufu hiyo inawaambia akina mama wengine wa aina yake kwamba mahali hapa panafaa. Nao wanakuja. Ndiyo maana mtaro mmoja unaweza kujaa viluwiluwi mpaka maji yanachezacheza, na mtaro wa pili, hatua kumi mbele, ukawa hauna hata mmoja.

Baada ya siku moja au mbili, mayai yanaanguliwa. Kiluwiluwi anakula, anakua, anajivua ngozi mara nne, kisha anakuwa pupa. Pupa hana mdomo wa kulia, lakini usimdhanie amelala: pitisha kivuli cha mkono juu yake uone atakavyopiga mbizi. Mwisho ngozi inapasuka mgongoni, mbu anatoka, anasimama juu ya ganda lake tupu mpaka mabawa yakauke, anaruka. Kwenye joto la Mombasa safari yote inaweza kwisha kwa wiki moja na kidogo. Kwenye baridi ya Nairobi mwezi wa Julai inarefuka sana. Baridi hiyo mnayoilalamikia asubuhi mkienda shule inawafaa kuliko mnavyojua. Nitawaambia kwa nini.

Kuleksi haambukizi malaria. Mnaweza kumchukia kwa kuwanyima usingizi, lakini kwa hilo hana hatia. Huko Pwani ana kosa jingine: hubeba minyoo midogo inayoleta matende, ugonjwa wa kuvimba miguu.

Mama wa pili hakungoja usiku. Huyu wa chini ya meza ya fundi cherehani anaitwa Edesi, na anafanya kazi mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kutua. Ni mweusi, ana pete nyeupe miguuni na mistari myeupe mgongoni. Nikiri kwamba ni mzuri. Hapigi kelele sikioni. Anakuja chini chini, anauma kifundo cha mguu wakati mteja anapimwa suruali.

Mtaro wa Kuleksi yeye hautaki hata kuusogelea. Anachotafuta ni chombo, kitu chenye kuta na maji yaliyotulia ndani. Tairi la fundi wa pancha ni kasri kwake. Mkebe wa rangi, kifuniko cha chupa, mfereji wa paa uliozibwa na majani, chungu cha maua kwenye zile bustani za miche kandokando ya Barabara ya Ngong, vyote vinamfaa. Tena hatagi mayai juu ya maji. Anayabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji yanapoishia, palipo na unyevu. Na hayaweki yote mahali pamoja. Anaacha machache kwenye tairi, machache kwenye mkebe, mengine kwenye kisahani. Mwenye mayai mia hayabebi kwenye kapu moja, naye hakufundishwa na mtu.

Sasa sikilizeni ujanja wenyewe. Jua linawaka, maji ya tairi yanakauka, fundi anaona tairi limekuwa kavu anaridhika. Lakini mayai yale meusi, madogo kuliko nukta ya kalamu, bado yamenata ukutani. Yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa. Mvua ya Oktoba au Novemba ikija, maji yakapanda yakayagusa, yanaanguliwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu anayemwaga maji ya kisahani kisha akakirudisha chini ya chungu amefanya nusu ya kazi. Anapaswa kukisugua kwa brashi, pale kwenye mstari maji yalipokuwa yanaishia.

Ujanja huo umewasafirisha akina Edesi kuizunguka dunia. Mwaka 1985 binamu yake kutoka Asia alikutwa amestawi Houston, Marekani. Alifikaje? Inaaminika alikwenda melini, ndani ya matairi yaliyokwishatumika, mayai yakiwa yamenata kimya wiki zote za baharini.

Lakini Edesi wetu ni mwenyeji wa Afrika, na zamani hakuwa na tairi. Alikuwa mbu wa msituni, akitaga kwenye matundu ya miti yanayoshika maji ya mvua, akiuma wanyama. Nini kilimtoa huko? Nendeni Rabai, si mbali na Mombasa. Wanasayansi waliwakuta huko ndugu wawili wa aina moja: mmoja amebaki msituni na matundu yake ya miti, mwingine ameingia majumbani na kuzaliana kwenye mitungi ya maji ya kunywa. Wa msituni anapendelea harufu ya wanyama, wa nyumbani anapendelea harufu yetu. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba huyu wa nyumbani ana kipokezi cha harufu kilichonolewa zaidi kuinasa kemikali inayotoka kwa wingi kwenye ngozi ya binadamu. Wengi wanaona kwamba kilichomvuta ni ukame: msitu unapokauka miezi mingi, maji pekee yaliyobaki ni yale ambayo watu wameyateka na kuyaweka ndani.

Na hapo naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu jambo hili linageuza kichwa chini yale mliyozoea kusikia. Mwaka 2004 Lamu ilikuwa na ukame. Mvua haba, visima vimepungua, watu wanaweka maji nyumbani kwenye mapipa na madumu, wala hawayabadilishi mara kwa mara, maana nani amwage maji wakati wa kiu? Edesi akazaliana humo ndani, karibu na vitanda. Ukazuka mlipuko wa chikungunya, homa inayouma viungo mpaka mtu anatembea ameinama. Vipimo vya damu vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba karibu robo tatu ya wakazi wa Lamu walikuwa wameambukizwa. Mbu walikuja bila mvua. Sasa fikirieni mitaa ya Nairobi ambako maji ya bomba huja siku mbili kwa wiki, na kila nyumba ina pipa bafuni na mitungi ya lita 20 imepangwa jikoni. Mvua ikikosekana Edesi hasikitiki kama mkulima.

Ugonjwa huo wa chikungunya ulitambuliwa kwanza kwetu huku, kwenye uwanda wa Wamakonde kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952 na 1953. Edesi anaeneza pia dengi, homa ya manjano na Zika. Hiyo Zika imepewa jina la msitu ulio karibu na Entebbe, Uganda, ambako virusi vyake vilipatikana mwaka 1947.

Tumebaki na mama wa tatu, yule wa chini ya ngazi. Mtamjua kwa anavyokaa: anainamisha kichwa ukutani na kuinua kiuno juu. Huyo ndiye Anofelesi, na jina lake mmelisikia darasani.

Yeye aliruka usiku akapita mtaro wa Kuleksi bila kutua, akapita tairi la Edesi bila kutua, mpaka kwenye mjengo. Lori la kokoto lilikuwa limepita jana yake likaacha alama za magurudumu kwenye udongo mwekundu, na mvua ikazijaza. Vidimbwi vya kina kifupi, safi, bila jani juu yake, vilivyo wazi kwa jua la mchana. Anofelesi wa kundi linaloitwa gambiae anapenda maji ya namna hiyo: kidimbwi kipya, hata alama ya kwato ya ng'ombe inatosha. Kwa nini kipya? Kwa sababu maadui bado hawajahamia, jua linayapasha moto watoto wakue haraka, na mwani mdogo mdogo wa kula unaota. Hatari yake ni moja: kidimbwi kikikauka kabla ya siku zao, wote wamekufa. Anacheza bahati nasibu kila anapotaga. Ndugu yake anayeitwa funestus hapendi kubahatisha. Anachagua ukingo wa bwawa au kinamasi chenye majani marefu, maji yasiyokauka.

Mayai ya Anofelesi hayashikani. Kila moja linaelea peke yake, lina vifuko vya hewa ubavuni. Na watoto wake hawana ule mrija. Kiluwiluwi wa Anofelesi hulala bapa, sambamba na uso wa maji, na akitaka kula hukizungusha kichwa chake mpaka uso unatazama juu huku mwili umebaki vilevile. Mkumbuke ulalaji huo. Tutauhitaji.

Najua kuna mmoja wenu anauliza: kama Anofelesi yupo, mbona sisi wa Nairobi hatuugui malaria kila mwezi kama binamu zetu wa Busia na Homa Bay? Au mwingine anasema, lakini jirani yetu alilazwa kwa malaria. Wote mna haki ya kuuliza.

Mbu hazaliwi na malaria. Anaipata kwa kumuuma mgonjwa, kisha vimelea lazima vikomae ndani ya mwili wake kabla hajaweza kumpa mtu mwingine. Muda huo unategemea joto. Kwenye nyuzi 25 vimelea vya malaria ile kali huchukua karibu siku 12. Kwenye nyuzi 20 vinachukua karibu siku 28. Joto likishuka zaidi ya hapo muda unazidi kurefuka, na mbu wengi hawaishi siku nyingi hivyo. Nairobi iko juu, takribani mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hapa mbu mara nyingi hufa na mzigo wake haujaiva. Hiyo ndiyo fadhila ya baridi niliyowaahidi. Jirani yako aliyelazwa, muulize kama alikuwa amesafiri. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu malaria ya Nairobi ulionyesha kwamba safari ni sehemu kubwa ya habari hiyo. Mtu anakwenda mazishini Siaya au likizo Kilifi, anarudi na homa.

Lakini baridi peke yake haikutosha. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, mji ulianzishwa kando ya kinamasi, na Nairobi ya zamani ilipata milipuko ya malaria, hasa baada ya mvua kubwa. Ilichukua miaka mingi ya kuchimba mitaro, kukausha vinamasi, kufukia mashimo ya mawe na kumwaga mafuta juu ya maji mpaka ugonjwa ukapungua. Mbu mwenyewe hakuhama. Watafiti waliopekua Kibera, ng'ambo ya Toi, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2009, walimkuta Anofelesi akiishi huko kwa utulivu, akingoja pengine miaka ya joto zaidi.

Hao ndio watatu. Sitaki mdhani ukoo umeisha. Tukishuka bondeni Mto Motoine unakopita kuelekea Bwawa la Nairobi, utaona mashamba madogo ya nduma. Chunguza pale shina la jani linapokutana na shina kubwa: kuna maji, labda vijiko viwili. Ndani ya maji ya namna hiyo, kwenye nduma na migomba, huishi Edesi mwingine, wa kundi linaloitwa simpsoni, ambaye Uganda alijulikana zamani kwa kubeba homa ya manjano. Kuna mbu wengine Afrika wanaotaga ndani ya ganda tupu la konokono. Na kuna wale ambao viluwiluwi wao hawaji juu kupumua kabisa. Mrija wao una ncha kali, wanauchoma ndani ya mizizi ya mimea inayoelea, kama magugumaji yaliyolifunika Bwawa la Nairobi kwa miaka mingi, na kufyonza hewa ya mmea. Ukimwaga mafuta juu ya maji ili kuwaziba pumzi, wao hawana habari.

Mimi kipenzi changu ni mbu tembo. Ni mkubwa, mdomo umepinda, ana magamba yanayong'aa buluu na zambarau. Anataga kwenye matundu ya miti ya misitu yetu ya Afrika Mashariki. Ukimwona utakimbia, lakini hamuumi mtu, si dume wala jike. Damu haihitaji, kwa sababu alishakula nyama utotoni: kiluwiluwi wake huwala viluwiluwi wa mbu wengine, kwa makumi, na protini hizo zinamtosha kwa mayai yake. Yuko pia mmoja wa ukoo wa Kuleksi ambaye watoto wake ni wala-ndugu vilevile, naye hupatikana hata kwenye madimbwi ya kawaida. Kwa hiyo mtu akiwaambia tuue mbu wote duniani, muulizeni, wote wepi?

Wa mwisho kwenye orodha yangu haishi Adams Arcade, ila habari zake zilianzia kwenye maabara isiyo mbali sana na hapa. Mwaka 1930, kwenye shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, wanakondoo walianza kufa kwa wingi na kondoo wenye mimba wakaziharibu. Wataalamu wa maabara ya mifugo Kabete, Daubney na Hudson, wakishirikiana na daktari Garnham, walichunguza, na mwaka 1931 wakauandika ugonjwa huo ambao leo tunauita homa ya Bonde la Ufa. Baadaye ikajulikana inakojificha kati ya mlipuko na mlipuko. Kuna Edesi wa mbugani anayetaga kwenye udongo wa mabonde ya nyasi yanayofurika mara moja moja. Mayai yake husubiri ardhini miaka, na baadhi yake yana virusi tayari ndani, yalivyorithishwa na mama yao. Mafuriko makubwa ya El Niño ya mwaka 1997 yalipoilowesha Garissa na kaskazini-mashariki, mayai hayo yakaamka, mifugo ikafa, na watu wakafa. Babu zenu wafugaji hawakuwa wakikosea waliposema mvua kubwa huleta maradhi. Waliona mvua, hawakuwaona mbu.

Sasa twende kwenye kazi yenu. Tafuteni kikombe cheupe. Weupe unasaidia kuona. Chota maji taratibu, kwa pembe, bila kuyavuruga, maana kivuli chako kikipita juu watazama chini na utadhani hamna kitu. Subiri dakika moja. Wakipanda, angalia wanavyokaa. Kichwa chini, mrija juu: ni Kuleksi au Edesi. Maji yakiwa machafu, weka dau kwa Kuleksi. Yakiwa ya chombo, mrija ni mfupi mnene, na mtoto anaogeleaogelea akijinyonganyonga, weka dau kwa Edesi. Amelala bapa juu, kwenye kidimbwi cha jua: Anofelesi. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wale wa ICIPE, kituo cha wadudu alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, huanza hivyo hivyo, kwa kikombe chenye mpini mrefu na macho.

Kuna jambo moja ambalo lingewashtua hata hao. Kwa miaka yote Anofelesi wetu alikuwa mbu wa vidimbwi vya udongo na vinamasi, na hiyo ilikuwa nafuu ya miji: lami na saruji zilimnyima makao. Lakini Asia kuna Anofelesi wa mjini. Anaitwa stephensi, naye anapenda anachopenda Edesi: tangi la maji, pipa, kisima cha mjengo. Mwaka 2012 alikutwa Djibouti, na malaria ya huko ikapanda. Akaingia Ethiopia. Mwishoni mwa mwaka 2022 watafiti wakamkuta Kenya, Marsabit, sehemu za Laisamis na Saku, na KEMRI ikatangaza mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Kutoka Marsabit hadi Nairobi siku hizi ni lami tupu, na malori yanapita kila siku.

Kwa hiyo siku mtakapomwomba mtu mzima awafungulie tangi la plotini, mkachota kikombe cheupe, mkakuta humo kiluwiluwi amelala bapa, msimwage. Huenda ni wa kwetu tu, amepotea njia. Huenda siye. Mtieni kwenye chupa pamoja na maji yake, andikeni tarehe na mahali, kisha mpelekeni kwa mwalimu wa sayansi au afisa wa afya ya umma. KEMRI yenyewe iko Barabara ya Mbagathi, na kutoka Adams Arcade mtu mwenye miguu mizima anafika bila nauli. Mkirudi, sugueni tangi.